Ushahidi wa Ulimi

Ulimi una kazi mbili: huonja na husema. Kwa kazi ya kwanza hupokea habari za ulimwengu. Kwa kazi ya pili huzitoa. Kama kiungo kimoja ndicho kipokeacho na ndicho kitoacho, ingetazamiwa kwamba kazi hizi zisigombane hata kidogo, na kinenwacho kiwe sawa na kilichoonjwa. Walakini kila mtu mwenye umri wa kutosha ajua kuwa sivyo. Watu husifu wasichokionja, na wengine hunyamaza juu ya walichokionja kikawachoma. Swali la insha hii ni hili: mtu ana haki gani ya kushuhudia uzuri au ubaya wa kitu, na ni wakati gani ushahidi wake hugeuka kuwa dhuluma? Swali hili nililiona dogo mpaka siku nilipokutana nalo mezani, ndani ya merikebu, juu ya mto wa nchi ya watu.

Mwaka 2024 mwenzangu mmoja wa kazi, mtaalamu wa lugha aliyestaafu, alikuwa amelipia nafasi mbili katika safari ya siku sita ya kuonja divai katika mito ya Bordeaux, kusini-magharibi ya Ufaransa. Mkewe akashikwa na maradhi ya magoti, naye akaniomba niitwae nafasi ile isipotee bure. Nilimkumbusha kuwa mimi sinywi divai, kwa kuwa dini niliyolelewa nayo imenikataza, wala sijapata kuitamani. Akanijibu kuwa mto haunywewi, hutazamwa. Jibu hilo lilinipendeza, nikaenda.

Mtu wa pwani hawi mgeni kabisa katika maji yale. Mto Garonne, unaopita mji wa Bordeaux, na mto Dordogne, unaotoka mashariki, hukutana mahali paitwapo Bec d'Ambès; na kutoka hapo huwa maji mamoja mapana yaitwayo Gironde, ambayo huenda yapata kilomita 75 hadi bahari ya Atlantiki. Rangi yake ni ya udongo, na hujaa na kupwa kama maji ya bandari zetu. Nahodha haondoki atakapo yeye, bali itakapo bahari. Wakati wa bamvua maji yajaayo huupanda mto Dordogne kwa wimbi moja refu, na vijana huja na mbao zao kulipanda. Niliposikia wasafiri wakiambiwa kuwa tutang'oa nanga alfajiri kwa sababu ya maji, na nikawaona wakiguna, nilijiona nipo kwetu.

Nchi yenyewe imegawanyika kwa udongo wake. Ukingo wa kushoto wa Gironde ni Médoc, wenye changarawe ipitishayo maji upesi, na huko mzabibu uitwao Cabernet Sauvignon hustawi. Upande wa kulia, kuzunguka Saint-Émilion na Pomerol, udongo ni mfinyanzi na chokaa, na mzabibu utawalao ni Merlot. Juu ya mto, katika Sauternes, kijito baridi cha Ciron huingia katika Garonne yenye maji ya vuguvugu, na asubuhi za majira ya mavuno huzuka ukungu uoteshao kuvu katika zabibu. Kuvu hiyo hulikausha tunda maji yake na kuacha utamu. Wenyeji huuita uozo wa kiungwana, na divai itokayo humo ni tamu na ghali. Nilistaajabu jinsi jina linavyofuata faida: uozo uletao hasara ni uozo tu, lakini uozo uliopata mnunuzi hupewa uungwana.

Vyeo vya divai hizo navyo vina hadithi yake. Kwa ajili ya Maonyesho ya Ulimwengu yaliyofanyika Paris mwaka 1855, katika enzi ya Napoleon wa Tatu, madalali wa Bordeaux waliziorodhesha divai nyekundu zilizo bora katika daraja tano. Hawakuitisha baraza la waonjaji. Walitazama bei ambazo divai hizo zilikuwa zikiuzwa, na iliyokuwa ghali zaidi wakaiweka juu. Katika daraja la kwanza waliweka nne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Tangu hapo orodha haikubadilika ila kidogo sana. Badiliko kubwa lilikuwa la mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili. Wahenga wetu wamesema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Madalali wale waliipindua methali, wakasema kilichojiuza ndicho kizuri. Kauli mbili hizi si moja. Ya kwanza yafanya uzuri kuwa sababu na bei kuwa tokeo. Ya pili yaifanya bei kuwa shahidi wa uzuri. Na shahidi huyo ana kasoro, maana akishatoa cheo, cheo huipandisha bei, na bei iliyopandishwa hurudi tena kukishuhudia cheo.

Niliyafikiri haya kwa furaha kidogo, kama mtu anayechungulia makosa ya jirani kwa tundu la ua. Sikujua kuwa kosa langu lilikuwa njiani.

Kundi letu lilikuwa la watu 22, na kila siku tulifundishwa kuonja. Mwonjaji huinua bilauri na kuitazama divai mbele ya kitambaa cheupe, huizungusha ili harufu ipande, huinusa, hutia funda moja kinywani akalisukasuka, kisha hulitema katika chombo kilichowekwa. Kutema huko si ufidhuli bali ni adabu ya kazi, kwa sababu aliyemeza kumi hawezi kuihukumu ya kumi na moja. Katika adabu hiyo nilipata maficho yangu. Niliitazama divai, niliizungusha, niliinusa, kisha nikaimimina katika chombo bila kuitia kinywani. Mwenzangu peke yake alijua. Wengine waliniona mtu wa kiasi.

Siku ya tatu tulikuwa Blaye, chini ya ngome kubwa ya mawe itazamayo Gironde. Wakulima wawili wadogo walipanda merikebuni na divai zao. Chupa zilifunikwa kwa kitambaa tusijue ipi ni ya nani, na kila mmoja wetu akapewa karatasi ya kuandika alama, ishirini ikiwa ndiyo ukomo. Tuliambiwa kuwa divai itakayoshinda ndiyo itakayoagizwa kwa ajili ya wale watakaotaka kupelekewa masanduku makwao. Mmoja wa wakulima wale alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi. Alitueleza, pasipo kuomba huruma, kuwa ametia saini kung'oa sehemu ya mizabibu yake. Divai ya Bordeaux imekuwa nyingi kuliko wanywaji wake, na mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuwalipa wakulima euro 6,000 kwa kila hekta waing'oayo. Alisema kuwa babu yake ndiye aliyeipanda, naye ndiye atakayeing'oa, na mashine itamaliza kwa siku moja.

Niliinusa divai ya kwanza, nikaona harufu nzuri isiyonikumbusha kitu. Niliinusa ya pili, ikanijia harufu ya mbao mbichi za jahazi lililopandishwa pwani kutengenezwa, harufu ya utoto wangu. Niliipenda papo hapo. Kabla sijaandika, jirani yangu wa mezani, mzee mwenye sauti ya uhakika, alisema kwa nguvu kuwa ya kwanza ina matunda meusi na mwerezi, na ya pili inanuka ghala. Vichwa vikatikisika kukubali. Akaandika 16 na 12. Nami nikaandika 16 na 12. Kiongozi wa safari alipouliza rai ya kila mtu, na zamu yangu ikafika, nilisema: matunda meusi na mwerezi. Mwerezi mimi sijapata kuunusa maishani mwangu. Naujua katika vitabu. Watu walinisifu kwa pua yangu.

Divai ya kwanza ilishinda kwa alama tatu. Msomaji aweza kufanya hesabu mwenyewe, kama nilivyoifanya mimi usiku ule kitandani. Alama zangu ziliipa divai hiyo nne zaidi ya mwenzake. Kama ningaliiacha karatasi yangu tupu, kama ilivyompasa mtu asiyeonja, divai ya pili ingalishinda kwa alama moja. Divai ya pili ilikuwa ya yule mama.

Mtu akiwa na hatia, akili yake humwajiri wakili bila ya kuulizwa. Wakili wangu alileta hoja tatu, nami nazieleza kwa kuwa si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni ya adabu. Alisema: mgeni husifu. Aliyekaribishwa chakula hasemi chumvi imezidi. Muungwana huficha kasoro ya mwenyeji wake, na uongo mdogo wa mezani ni sadaka kwa moyo wa aliyepika. Hoja hii ina nguvu, na jamii isiyoijua adabu hiyo ni jamii ya maumivu. Walakini inachanganya mambo mawili yanayovaa nguo moja. Kuna sifa iliyo shukrani, na kuna sifa iliyo ushahidi. Mgeni akisema chakula kizuri, mwenyeji haelewi kuwa amepewa hukumu. Anaelewa kuwa ameshukuriwa, wala hakuna mtu wa tatu aliyepungukiwa. Lakini mgeni yule yule akiitwa kuamua baina ya wapishi wawili, mmoja apate kazi na mwingine arudi nyumbani, maneno yake yamekoma kuwa shukrani. Amekaa kiti cha hakimu. Adabu yake kwa mmoja itakuwa jeuri kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimepewa karatasi ya alama. Sikuwa mgeni tena.

Hoja ya pili ni ya ladha yenyewe. Alisema: ladha ni ya mtu. Akili ni nywele, na ulimi vile vile. Ikiwa hakuna ukweli katika ladha, basi hakuna uongo pia, na asiyeonja hawezi kukosea kuliko aliyeonja. Juu ya jambo hili mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, aliandika insha mwaka 1757, akatumia kisa alichokitoa katika kitabu cha Cervantes, Don Quixote. Watu wawili waliitwa kuonja divai katika pipa. Mmoja alisema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili alisema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya chuma. Wakachekwa wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ulionekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume alikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba, pamoja na tofauti zote za ladha, katika kitu chenyewe mna jambo ambalo ulimi mwepesi hulifikia na ulimi mzito hulikosa. Mimi nakiona kina fundisho la pili. Mashahidi wale wawili hawakukubaliana, na kila mmoja alikuwa mkweli. Waliocheka walikubaliana, na wote walikuwa wamekosa. Tena, hata tukisema kuwa hakuna ufunguo wowote katika mapipa ya dunia hii, na kwamba uzuri wa divai ni ndoto ya mnywaji, bado umebaki ukweli mmoja usioweza kukanwa: ama niliionja ama sikuionja. Niliposema rai yangu niliwafahamisha watu mambo mawili, kwamba divai iko hivi, na kwamba mimi nimeipata hivyo. La kwanza laweza kuwa shaka. La pili lilikuwa uongo mtupu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Alisema: hata waonjao hukosea, na makosa yao yameandikwa. Mwaka 2001 Frédéric Brochet na wenzake wa Bordeaux walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya divai. Walichukua divai nyeupe wakaitia rangi nyekundu isiyo na ladha. Na wanafunzi wale wakaieleza kwa maneno yatumikayo kueleza divai nyekundu. Macho yalikuwa yameshuhudia, na pua ikafuata. Kadhalika mwaka 1976 mjini Paris, mfanyabiashara wa Kiingereza Steven Spurrier aliwaita waamuzi tisa wa Kifaransa, akawaonjesha divai za nchi yao na za California chupa zikiwa zimefichwa majina. Nao wakazipa za California nafasi ya kwanza katika nyeupe na katika nyekundu, ijapokuwa miongoni mwa nyekundu zilikuwamo Mouton Rothschild na Haut-Brion. Basi, wakili wangu akauliza, ikiwa mabingwa nao hupotea, mwerezi wako una kosa gani? Yamkini mwerezi ulikuwamo kweli.

Yamkini, naam. Na hapa ndipo ilipo shina la jambo. Wanafunzi wale 54 walionja na wakakosea. Mimi sikuonja, na labda nilipatia. Ni nani kati yetu aliye mkweli? Moyo wa kila mtu wajua jibu kabla akili haijafika. Mkweli aliyekosea ni bora kuliko mwongo aliyepatia, kwa sababu kosa la mkweli lina dawa. Ukimwonyesha kuwa divai ilitiwa rangi, atajifunza jambo juu ya macho yake, na kesho atafumba macho. Kosa lake ni lake, lina mizizi katika ardhi ya maisha yake, na laweza kupaliliwa. Lakini neno la kuazima halina mizizi. Likiwa sahihi, ni sahihi kwa bahati. Likiwa si sahihi, mwenye kulisema hawezi hata kutafuta alipokosea, maana hakuwapo pale lilipotokea. Waamuzi wa mwaka 1976 walitoa hukumu iliyowaumiza, na waliweza kuitoa kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ulimi wake na bilauri yake. Kama wote wangaliandika alivyoandika jirani, ulimwengu usingalijifunza kitu.

Wala haifuati kwamba mtu asiseme ila alichokionja mwenyewe. Tungefanya hivyo tungekuwa mabubu, kwa kuwa sehemu kubwa ya tujuayo tumeambiwa. Sijapata kuiona karne ya kumi na nane, na nafundisha habari zake. Kanuni si kwamba usiseme ulichoambiwa, bali useme kwamba umeambiwa, na umeambiwa na nani. Wanazuoni wa zamani waliopokea habari kutoka kinywa hata kinywa waliulinda mnyororo wa majina kama walivyoilinda habari yenyewe, wakijua kuwa habari isiyo na mwenyewe ni mtoto wa kuokota. Mwenye kuona aseme nimeona. Mwenye kunusa aseme nimenusa. Mwenye kusikia aseme nimesikia kwa fulani. Kama ningalisema, mimi sikuionja, lakini pua yangu imeipenda ya pili, ningalikuwa nimesema jambo dogo la kweli, na lingalitosha.

Nilipofika hapo katika fikira zangu nilidhani nimemaliza hesabu. Kumbe ulikuwako ukurasa wa pili.

Jioni ya siku ya nne tulirudi Bordeaux, na merikebu ikatia nanga mbele ya majumba yanayoelekea mto. Katikati yake ni Place de la Bourse, iliyojengwa katika karne ya kumi na nane, na juu ya milango na madirisha ya majumba yale ziko nyuso zilizochongwa katika mawe. Kiongozi wetu alisema kuwa hiyo ndiyo karne ya dhahabu ya mji, wakati biashara ilipozijenga kuta hizi. Alisema vema, lakini hakusema biashara gani. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nauona mji kuwa mzuri. Nilimjibu kuwa ni mzuri sana, nikanyamaza.

Ilhali nilijua. Siku mbili kabla ya safari nilikuwa nimezunguka Musée d'Aquitaine, makumbusho ya mji huo, ambayo tangu mwaka 2009 yana vyumba vya kudumu vilivyowekwa kwa ajili ya habari hiyo. Kutoka bandari ile zilitoka safari karibu 500 za kuchukua watumwa, na watu waliobebwa walizidi 120,000. Na juu ya hao, utajiri mkubwa zaidi wa mji ulitoka katika sukari na kahawa ya Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, iliyolimwa kwa mikono ya watumwa; na divai ilikuwa miongoni mwa shehena zilizopelekwa huko. Baada ya mwaka 1783 merikebu za Bordeaux zilizunguka hata upande wetu wa Afrika, zikapakia watu Msumbiji. Na Kilwa yetu haikuwa mbali na mambo hayo: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mtu, na aliyetoa mkono wa kuuza alikuwa wa kwetu. Miongoni mwa nyuso za mawe juu ya milango ile zimo zenye sura ya Kiafrika. Mwaka 2019 mji uliweka ukingoni mwa mto sanamu ya mwanamke aliyeitwa Modeste Testas, ambaye jina lake la kwanza linasimuliwa kuwa Al Pouessi, aliyetekwa mashariki ya Afrika na kununuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux. Sanamu hiyo tulikuwa tumepita karibu yake.

Basi tazama msiba wangu. Siku ya tatu nilisema nisichokijua. Siku ya nne nilinyamaza nilichokijua. Makosa haya yanaonekana kinyume, na kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni ile hamu ya kukaa mezani bila kutikisa meza. Yule anayesema pamoja na wengi na yule anayenyamaza pamoja na wengi wote wawili wameukabidhi ulimi wao kwa jirani. Wengi wape, husema methali, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Ni kweli, lakini iko mali ambayo wengi hawawezi kuichukua mpaka wewe mwenyewe uwape, nayo ni ushahidi wako.

Usiku wa mwisho kila mtu aliombwa aseme maneno machache ya kuagana. Niliposimama, nilisema kuwa katika siku tano sikuonja hata tone moja. Kuwa alama zangu za Blaye hazikuwa zangu. Na kuwa pua yangu ilikuwa imeipenda divai ya pili. Kisha nikasema niliyoyasoma katika makumbusho juu ya kuta tulizozitazama, nikataja mahali nilipoyasoma, na sikuiacha Kilwa nje. Sikusema kwa ukali, maana mwenye kukiri hana uso wa kukemea. Palikuwa na kimya. Ndipo yule mzee mwenye sauti ya uhakika akainua mkono akasema kuwa, kwa kuwa mlango umefunguliwa, naye ana lake: tangu siku ya pili alikuwa na mafua, na hakunusa chochote. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu; kwa maana nilimuibia yule mama haki yake kwa kufuata pua iliyoziba.

Baadaye nilimwuliza kiongozi wa safari kwa nini hakuitaja biashara ile. Akasema: wageni hawaulizi, nami sijibu nisiloulizwa. Sikuona haki ya kumlaumu. Mama aliyekuwa kando yangu alikuwa ameniuliza, na mimi sikujibu.

Je, ilikuwa vema kuwaharibia watu karamu yao ya mwisho? Nimelipima swali hili mara nyingi. Naona kwamba ukweli una wakati wake, na mwenye kuutoa kila saa ni kama anayegonga ngoma msibani. Lakini naona pia kwamba asiyeutoa kwa wakati wake atalazimika kuutoa kwa wakati usio wake. Kama ningalisema maneno matatu Blaye, na maneno kumi mbele ya Place de la Bourse, nisingalihitaji hotuba usiku ule. Aliyeahirisha ukweli asilalamike kwamba umekuja wakati mbaya. Yeye ndiye aliyeukawiza njiani.

Nimerudi katika kazi yangu, ambayo ni kusoma na kusomesha mashairi, na kosa lile nalikuta kila muhula katika madaftari. Mwanafunzi huandika kuwa shairi fulani lina lugha tamu na mafumbo mazito, wala hataji ubeti mmoja uliompendeza au kumchosha. Zamani nilidhani huo ni uvivu. Sasa naona ni woga, na ni sisi walimu tulioupanda. Tumewaletea vyeo vya washairi kama orodha ya mwaka 1855, yupi ni wa daraja la kwanza na yupi wa tano; tumewapa maneno ya kusifia tayari yamepikwa; kisha twawashangaa wakisema mwerezi. Ni bora mwanafunzi anayesema, ubeti huu umenichosha, na akaonyesha ulipomchosha, kuliko anayesifu diwani nzima kwa kinywa cha mwalimu. Wa kwanza ametia funda kinywani. Wa pili ameimimina katika chombo, kama nilivyofanya mimi, na anangoja kusifiwa kwa pua yake.

Dini yangu hunifundisha kuwa haki ya mtu hairudi kwa majuto, ila kwa kurudishwa kwa mwenyewe. Masanduku yalikuwa yamekwisha kuagizwa, na alama zilikuwa zimekwisha kutangazwa. Nilimwomba kiongozi ampelekee habari yule mama wa Blaye, kwamba kama kila mtu angaliandika ya kwake tu, divai yake ingalishinda. Aliniahidi kuwa ataipeleka. Kama aliipeleka, sikuona wala sikusikia. Kwa hiyo sisemi.